Nyama nimeiacha, kidonge sikiachi

Nimekuwa kimya muda mrefu, mnisamehe. Kazi za huku mnazijua, ukitoka zamu ya usiku unatamani kitanda tu. Leo niko mapumziko, mvua inanyesha hapa Leicester kama kawaida yake, nikasema niwaandikie ile habari ambayo wengi mmekuwa mkiniuliza kwenye simu.

Habari yenyewe ni ya nyama. Imefika huko Bukoba kwamba mimi na familia yangu hatuli nyama. Kaka amesikia tumebadili dini. Shangazi amesikia nimefilisika. Mama, ambaye huwa hazunguki, aliniuliza moja kwa moja: "Mwanangu, huko Ulaya nyama imekuwa ghali kiasi hicho, au kuna kitu unanificha?"

Waitu mama, sijafilisika, na kanisani bado naenda. Ila kweli kuna kitu nilikuficha. Nitakisema leo, lakini kwanza nianze na binti yangu.

Akiwa na miaka 15 alirudi kutoka shule akatangaza kwamba hali nyama tena. Nikasema sawa, tutakula samaki. Samaki pia hapana. Mayai? Hapana. Maziwa? Hapana. Hata asali hakuitaka! Nikacheka, nikamwambia atachoka ndani ya wiki mbili. Hakuchoka. Mwisho nikamwonea huruma anavyokula peke yake, na isitoshe nesi alikuwa ameshaniambia lehemu katika damu yangu imepanda. Nikaamua kumsindikiza.

Miezi ya kwanza nilijisikia vizuri sana. Uzito ulishuka, lehemu ikashuka, choo kikawa hakina matatizo (samahani kama unasoma huku unakula). Nikaanza kujigamba. Nikawa nasema haya ndiyo maisha ya babu zetu, ndizi na maharage, nani aliwahi kuona babu akimeza vidonge? Maana binti yangu alikuwa na kichupa chake cha vidonge vya vitamini B12, anameza kimoja kila asubuhi. Mimi nilikuwa namcheka. "Chakula cha kweli hakihitaji kidonge," nilimwambia.

Mwaka wa nne miguu ikaanza ganzi. Mwanzoni kama sisimizi wanatembea kwenye vidole. Baadaye nikawa nashuka ngazi nimeshika ukuta, kwa sababu sisikii vizuri nakanyaga wapi. Ulimi unauma, nasahau vitu, nachoka. Nikasema ni uzee na zamu za usiku. Mke wangu ndiye aliyenisukuma hospitali. Wakapima damu: B12 ilikuwa karibu imekwisha. Daktari akaniambia ningechelewa zaidi, ganzi ile ingeweza kubaki nayo maisha yangu yote. Nikachomwa sindano, nyingi tu. Binti yangu na kichupa chake hakuwa na tatizo lolote. Hicho ndicho nilichokuficha mama. Nilikuambia nina mafua.

Nilipokuwa naenda na kurudi kwenye sindano nilikuwa na muda wa kusoma, nikagundua kwamba kosa langu lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita humu humu ninamoishi, na sehemu nyingine imepita kwa jirani zetu Uganda. Basi kaeni niwasimulie.

Waingereza walianza zamani kuacha nyama kwa makundi. Mwaka 1809 mchungaji mmoja, William Cowherd, alianzisha kanisa lake Salford, karibu na Manchester, na waumini walitakiwa wasile nyama. Kutoka katika watu wa namna hiyo, mwaka 1847, watu walikutana mji wa Ramsgate, pwani ya Kent, wakaunda Chama cha Wasiokula Nyama ambacho kipo mpaka leo. Wengi wao walikula mayai na kunywa maziwa. Angalieni jambo hili kwa makini. Wakati ule hakuna aliyejua vitamini ni nini. Neno lenyewe lilibuniwa mwaka 1912 na Casimir Funk, Mpoland aliyekuwa akifanya kazi London. Kwa hiyo wale wazee waliongozwa na dhamiri na imani, na kilichowalinda ni yai na kikombe cha maziwa, bila wao kujua kwamba vinawalinda.

Halafu akaja Gandhi. Huyu mnamjua wote, lakini labda hamjui habari yake ya chakula. Alifika London mwaka 1888 kusoma sheria, akiwa amemwapia mama yake kwamba hatagusa nyama. (Mama, unaona, si mimi wa kwanza kusumbuliwa na mama kuhusu nyama, ila wa kwake alitaka kinyume!) Alishinda na njaa mpaka alipogundua mgahawa wa wasiokula nyama mtaa wa Farringdon. Hapo alishiba, akanunua kitabu cha Henry Salt kinachotetea chakula hicho, na baadaye akaingia katika kamati ya chama chao cha London.

Baada ya miaka mingi Gandhi alitaka kwenda mbali zaidi, akaweka nadhiri ya kuacha hata maziwa. Mwaka 1918 akaugua vibaya, tumbo la kuhara, akadhoofika mpaka watu wakadhani anakufa. Madaktari wakamsihi anywe maziwa, akakataa. Mke wake, Kasturba, akamwonyesha njia: alipoweka nadhiri alikuwa anafikiria ng'ombe na nyati, je, maziwa ya mbuzi? Akakubali, akapona, na aliendelea kunywa maziwa ya mbuzi maisha yake yote. Mwenyewe aliandika kwamba roho ilimuuma kwa jambo hilo. Mimi nampenda zaidi kwa kulikiri waziwazi kuliko kama angelificha.

Sasa tuje hapa Leicester. Miaka ya Vita Kuu ya Pili chakula Uingereza kilikuwa cha mgawo. Aliyejiandikisha kwamba hali nyama alirudisha kuponi zake za nyama, akapewa jibini zaidi. Serikali ilitambua kwamba ukiondoa kitu kwenye sahani ya mtu lazima uweke kingine. Lakini walikuwepo waliosema hata jibini hawaitaki, kwa sababu nyuma ya maziwa kuna ndama anayechinjwa. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa useremala, Donald Watson, aliyekuwa akiishi mji huu huu. Aliacha nyama akiwa kijana mdogo baada ya kuona nguruwe akichinjwa shambani kwa mjomba wake. Novemba 1944 yeye na wenzake wachache walianzisha chama kipya. Walichukua herufi za mwanzo na za mwisho za neno vegetarian, wakapata vegan. Ndiyo hao wavegani tunaowasikia leo, na binti yangu ni mmoja wao.

Angalieni tarehe sasa. Chama kiliundwa 1944. Vitamini B12 ilipatikana mwaka 1948, miaka 4 baadaye. Kabla ya hapo kulikuwa na ugonjwa wa upungufu wa damu uliokuwa ukiua watu, ambao tumbo lao haliwezi kufyonza kitu fulani kutoka kwenye chakula. Mwaka 1926 Minot na Murphy kule Boston walionyesha kwamba wagonjwa hao wakilishwa maini kwa wingi kila siku wanapona. Nini kilichomo ndani ya maini? Ilichukua miaka 22 kukipata, na vikundi viwili, kimoja Marekani na kingine Uingereza, vilikipata karibu wakati mmoja: chembe ndogo nyekundu. Mwaka 1956 mama mmoja wa Oxford, Dorothy Hodgkin, aligundua umbo lake, na mwaka 1964 akapewa tuzo ya Nobel.

Hiki kitu hakitengenezwi na mmea wala na mnyama. Kinatengenezwa na bakteria. Ng'ombe anakipata kwa bakteria walio tumboni mwake, kisha kinaingia kwenye nyama, maini na maziwa. Samaki wanacho, mayai yanacho. Maharage hayana. Mchicha hauna. Ndizi haina. Ini la binadamu hujiwekea akiba inayoweza kutosha miaka kadhaa, na hapo ndipo mtego ulipo: unaacha vyote, unajisikia vizuri mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, unajigamba kama mimi, kumbe unakula akiba. Mwaka 1955 Frank Wokes na wenzake walichapisha habari za wavegani wa kwanza. Wengine walikuwa salama baada ya miaka, lakini wengine walikuwa na ulimi unaouma na ganzi mikononi na miguuni. Niliposoma hapo nikaweka karatasi chini. Walikuwa wananielezea mimi.

Kuna jambo jingine la hatari ambalo daktari alinieleza. Mboga za majani na maharage vina foleti nyingi, na foleti ikiwa nyingi inaweza kuificha dalili ya upungufu wa damu, huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika kimya kimya. Yaani mlo wenyewe ulio mzuri unaweza kufunika kasoro yake.

Najua mtauliza: sasa mbona babu na bibi waliishi kwa ndizi na maharage wakawa na nguvu? Swali zuri. Jibu lake liko ng'ambo ya mpaka, Mulago, Kampala.

Pale Mulago walifanya kazi madaktari wawili Waingereza. Hugh Trowell alifika Uganda mwaka 1935 akitokea Kenya. Denis Burkitt, mpasuaji mwenye jicho moja, alifika mwaka 1946. Burkitt anajulikana kwa saratani ya taya za watoto ambayo imepewa jina lake. Lakini wote wawili waliona pia kwamba wagonjwa wao Waafrika wa vijijini karibu hawakuwa na magonjwa yaliyojaa hospitali za Uingereza: choo kigumu cha miaka, kidole tumbo, mishipa ya moyo kuziba, kisukari cha watu wazima. Waliporudi kwao wakafikiri: watu hawa wanakula ndizi, viazi, mahindi, maharage, chakula kilichojaa nyuzinyuzi, wakati Mwingereza anakula mkate mweupe na sukari. Mwaka 1975 wakatoa kitabu pamoja juu ya vyakula vilivyokobolewa na magonjwa. Leo pakiti nyingi za mkate dukani hapa zimeandikwa kiasi cha nyuzinyuzi, na sehemu ya elimu hiyo ilitoka kwenye masahani ya watu kama sisi. Nami ninasema hivyo kwa fahari kabisa.

Lakini Trowell huyo huyo aliona na upande wa pili. Wodi ya watoto ilijaa kwashakoo: miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, mtoto hataki kucheza. Ugonjwa huo ulielezwa mwaka 1933 na Daktari Cicely Williams kule Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na jina lake ni la Kigaa, la ugonjwa unaompata mtoto anapozaliwa mdogo wake. Yaani ameachishwa ziwa, na badala ya ziwa amepewa uji mtupu au ndizi tupu. Wataalamu bado wanabishana juu ya chanzo chake chote, lakini kwamba ndizi peke yake au muhogo peke yake haumlei mtoto, hilo halina ubishi. Mwaka 1965 pale Mulago kilifunguliwa kituo cha Mwanamugimu, kufundisha akina mama kuchanganya: ndizi, na maharage au karanga, na samaki au maziwa kidogo, vyote vinapikwa pamoja kwenye jani la mgomba. Wanaita kitobero. Hakuna kitu cha kigeni humo, vyote vinatoka shambani na ziwani.

Basi hilo ndilo jibu. Babu hakula ndizi na maharage tu. Kulikuwa na dagaa. Kulikuwa na maziwa ya mgando, yai la kienyeji, supu ya Krismasi, na senene wa Novemba. (Msiniulize kama senene ni mboga. Binti yangu anasema ni mnyama, kesi imekwisha.) Nyama ilikuwa kidogo, lakini hicho kidogo kilifanya kazi kubwa. Mimi nilichukua mlo wa babu, nikatoa hicho kidogo, sikuweka kitu, halafu nikauita mlo wa babu.

Jirani yangu hapa alinifundisha hilo kwa maneno machache. Ni bibi wa Kihindi aliyezaliwa Jinja, mmoja wa waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Wakati ule baraza la mji wa Leicester lililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, likiwashauri wasije huku. Wakaja, na leo mji huu bila maduka na migahawa yao hata siuwazii. Bibi huyu hajawahi kula nyama maisha yake yote, na Kiswahili chake kinanikumbusha nyumbani. Nilipomweleza ugonjwa wangu alicheka. "Sisi hapana kula nyama tangu babu ya babu," akasema, "lakini maziwa iko, mtindi iko, dengu iko. Wewe nani aliambia acha yote siku moja?"

Sasa msije mkasema nimesimulia ubaya tu. Huku kuna utafiti mkubwa wa Oxford ulioanza mwaka 1993, wa watu 65,000 hivi, na miongoni mwao wamo watu wengi wasiokula nyama. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019, baada ya kufuatilia zaidi ya watu 48,000 kwa miaka 18, yalionyesha wasiokula nyama walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo pungufu kwa asilimia 22 kuliko wala nyama. Hilo si dogo. Lakini kiharusi kilikuwa juu kwa asilimia 20. Kwa hesabu ya watu 1,000 katika miaka 10, ni wagonjwa 10 wachache wa moyo na 3 zaidi wa kiharusi. Mwaka 2020 wakatoa habari za mifupa: wavegani walivunjika zaidi kwa asilimia 43, na sehemu ya sababu ilikuwa wembamba na upungufu wa kalsiamu na protini. Kuhusu nyama nayo, mwaka 2015 shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani lilisema soseji, bekoni na nyama nyingine za kiwandani zinasababisha saratani ya utumbo mpana. Kwa hiyo anayekula soseji kila asubuhi asinicheke sana.

Kwa kifupi, nilivyoelewa mimi:

Anayekula mayai na maziwa bila nyama yuko karibu na usalama, aangalie tu madini ya chuma. Chuma cha maharage na mchicha hakiingii mwilini kwa urahisi kama cha nyama. Ukikamulia ndimu au ukala chungwa kinaingia vizuri zaidi. Chai inakizuia, kwa hiyo jamani, ile chai ya rangi inayoshushia maharage isubiri saa moja hivi.

Anayeacha vyote kama binti yangu lazima apate B12, kwa kidonge au kwa chakula kilichoongezewa kiwandani. Hapa hakuna mjadala. Aangalie pia kalsiamu na madini joto. Na sisi wenye ngozi nyeusi huku kwenye jua la kuazima tunashauriwa vitamini D mwaka mzima, hata tukila ng'ombe mzima.

Mama mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto mdogo wasijaribu bila mtaalamu. Uholanzi, miaka ya 1980, walichunguza watoto wa familia zilizofuata mlo mkali wa nafaka na mboga bila maziwa. Watoto walidumaa, wengine wakawa na matege na upungufu wa B12. Wazazi wale waliwapenda watoto wao, walikosa tu kujua.

Dada mdogo, hapa naongea na wewe. Uliniandikia kwamba mtoto wa miezi 9 unampa uji wa muhogo kwa sababu ndio anaoupenda, na kwamba umesoma kwenye simu eti mboga na nafaka vinatosha. Tafadhali, usiige Ulaya kwa nusu. Huku anayeacha maziwa anaingia dukani ananunua kidonge. Wewe duka lako ni dagaa. Wasage, changanya na karanga, weka kwenye uji, na yai ukipata mpe. Pesa nimetuma jana, ya kuku wawili wa mayai. Usinunulie vocha!

Mimi sasa naendelea vizuri. Ganzi imeondoka mguu wa kulia, wa kushoto imebaki kwenye vidole viwili, inanikumbusha nisiwe mjuaji. Nyama sijarudia, lakini mtindi na mayai nimerudia, na kila asubuhi mimi na binti yangu tunameza vidonge vyetu pamoja. Yeye hasemi kitu, anatabasamu tu. Ananiuma zaidi ya sindano.

Mama, Desemba tukijaliwa tutakuja. Usichinje mbuzi kwa ajili yangu. Nipikie ebitoke na maharage yako, na kwenye bakuli la pembeni weka dagaa. Nitakula. Binti yako mjukuu atanikasirikia kidogo, lakini na yeye mwekee karanga za kutosha, atatulia.

Nawatakia siku njema wote. Anayenidai majibu ya barua anivumilie.

Ndugu yenu, Leicester.